Trekta lisilozimwa: kisa cha Massey Ferguson 135 huko Kigumba

Malalamiko yalikuja kwa simu, mawili kwa pamoja: plau haipandi, na stata haizungushi. Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, lile dogo jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, la enzi za kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970. Mwenye nalo ni mama mmoja anayelima mahindi nje kidogo ya Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, si mbali na barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu. Akimaliza shamba lake huwalimia majirani kwa malipo ya ekari. Mvua za Machi zikishaanza, siku trekta likilala, pesa nayo imelala.

Fundi mwingine alikuwa ametangulia. Aliwasha, akasikiliza, akatoa hukumu: pampu ya oili inayoinua plau imekwisha, stata imekwisha, betri imekufa. Mama alianza na betri kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko vyote. Betri mpya ikafa baada ya wiki chache. Hapo ndipo alipogoma kutoa pesa ya pampu kabla mtu mwingine hajatazama, na uamuzi huo ndio uliomwokolea pesa nyingi kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye.

Nilikuta trekta limeegeshwa juu ya mteremko, pua ikitazama bondeni, jiwe kubwa mbele ya gurudumu. Stata ikiwa haizungushi, dereva huondoa jiwe, huliacha trekta liserereke na gia ndani, kisha huachia klachi injini ishike. Hilo si jambo geni vijijini. Kilichonishangaza ni plau ya diski mbili iliyokuwa ikining'inia hewani, mikono ya chini imefungwa mnyororo kwenye kishikio cha fito ya juu.

"Mnyororo wa nini?" nikamuuliza dereva.

"Plau inashuka usiku, fundi. Ikifika chini asubuhi trekta haliserereki."

Jibu hilo lilibeba nusu ya uchunguzi. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, kwa hiyo plau iliyoshuka haiwezi kuinuliwa hadi injini iwake, na injini haiwaki bila kuserereka, na huwezi kuserereka diski zikiwa zimechimba ardhini. Dereva huyo kijana alitafuta njia ya kutoka hapo akapata mnyororo. Lakini mnyororo huohuo ulificha dalili muhimu kuliko zote za haidroliki, mfumo unaoinua plau kwa presha ya oili, yaani kwamba mzigo haushikiliki. Fundi aliyetangulia hakuiona. Alipofika injini ilikuwa inanguruma tayari, na hakuna aliyethubutu kuizima ili apime.

Niliamua kuanza na umeme, ingawa mama alikuwa na haraka na plau. Kipimo cha maana cha haidroliki kwenye trekta hili kinataka oili iwe ya moto, plau iinuliwe, kisha injini izimwe, uangalie mikono inafanya nini. Baada ya hapo uwashe tena, urudie. Kwa trekta linalohitaji mteremko kila likizimwa, kipimo hicho hakifanyiki.

Umeme

Injini ya dizeli ya zamani kama hii haihitaji umeme ikishawaka. Inazimwa kwa kuvuta kamba inayokata dizeli, na inaweza kulima kutwa nzima betri ikiwa imekufa kabisa. Ndiyo sababu matatizo ya umeme kwenye matrekta haya hukaa miezi bila kushughulikiwa. Yanauma asubuhi tu, na mchana watu wameshasahau.

Betri niliipeleka mjini ikachajiwa ikajaa. Ilipopumzika ilisoma volti 12.6, kumaanisha haikuwa imekufa bali ilikuwa na njaa. Niliirudisha, nikamwomba dereva awashe huku nikishika waya za mita. Kwenye nguzo za betri zenyewe, stata ikivuta, nilisoma volti 10.8. Hiyo si mbaya. Kwenye stata, kati ya skrubu kubwa na mwili wake, nilisoma 8.3. Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotea njiani.

Wengi hapa hukimbilia waya mnene mwekundu. Nilipima upande huo, kutoka nguzo chanya hadi skrubu ya stata: 0.4, inavumilika. Kisha nikaweka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, dereva akawasha tena: 2.1. Hapo panapaswa kusoma chini ya nusu volti. Waya wa ethi, ule utepe wa shaba uliosukwa unaofunga betri na mwili wa trekta, ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na nyuzi zake zimegeuka kijani. Mtu alikuwa amelipaka trekta rangi siku za nyuma, likapendeza, na rangi ikaingia kati ya ethi na chuma. Tuliukata utepe, tukaweka waya mnene mpya, tukasugua chuma kwa msasa hadi king'ae, tukakaza boliti, kisha tukapaka grisi juu ya kiungo kuzuia kutu. Kipimo kilishuka hadi 0.2. Stata iliyohukumiwa kifo ikazungusha injini kwa nguvu.

Ninasisitiza kupima stata ikiwa inavuta. Ukipima waya uliooza bila mzigo, mita itakusomea volti 12 safi, kwa sababu mkondo mdogo wa mita unapita hata kwenye uzi mmoja. Stata inadai ampea mamia, na hapo ndipo ubovu unapojionyesha.

Swali la pili: kwa nini betri ilikuwa na njaa? Injini ikiunguruma, nguzo za betri zilisoma 12.3, na nilipoongeza mafuta namba haikusogea. Alternata, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ikiwa nzima na injini ina kasi ya kutosha, unategemea kuona kati ya 13.8 na 14.4. Mkanda ulikuwa umekazwa sawasawa. Nilizima injini, nikafungua swichi bila kuwasha, nikatazama taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Haikuwaka.

Trekta hili lilikuwa na dinamo zamani, na mmoja wa wamiliki wa awali aliibadilisha akaweka alternata. Alternata za aina hii huamshwa na umeme mdogo unaopita kwenye taa ya chaji. Balbu hiyo ikiungua, sumaku ya ndani haipati cha kuianzishia kazi. Baadhi hujiamsha zenyewe injini ikipandishwa kasi sana. Hii haikuamka hata tulipoizungusha karibu na mwisho. Kwa hiyo betri mpya ya mama ilikuwa inatoa tu bila kupokea, na kila betri ambayo angeinunua ingekwenda njia hiyohiyo. Tuliweka balbu mpya, tukasafisha kikalio chake. Swichi ilipofunguliwa taa iliwaka, injini iliposhika ikazimika, na mita ikapanda hadi 14.1. Balbu yenyewe bei yake haifiki hata ya sahani ya wali na maharage hotelini.

Ukibadilisha balbu hii usiweke ya LED, hata kama muuzaji anaisifu. Inapitisha umeme kidogo mno, na unaweza kurudi palepale.

Likabaki jambo ambalo lilinitia hofu kuliko mengine yote. Siku ambazo betri ilikuwa na nguvu kidogo, dereva hakuwa anatumia ufunguo. Alisimama chini, kando ya gurudumu kubwa la nyuma, akagusanisha kwa bisibisi skrubu mbili za solenoidi, ile swichi nzito inayopeleka umeme kwenye stata. Trekta hili limewekewa swichi ya usalama juu ya giaboksi, inayofuata mwendo wa lever ya gia nzito na nyepesi: isipokuwa lever iko katikati, stata haipati umeme. Bisibisi inairuka swichi hiyo. Gia ikiwa imesahauliwa ndani, injini inashika na trekta linaondoka papo hapo, na gurudumu la nyuma linampitia aliyesimama hapo. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakiwemo wazoefu wa miaka mingi. Nilimweleza kijana mbele ya mama, kwa makusudi, kwa kuwa mama ndiye atakayemzuia siku mimi sipo.

Alijitetea kwamba ufunguo ulikuwa haufanyi kitu. Ni kweli. Niliifungua swichi ya usalama nikakuta imejaa kutu na matope meupe. Hapo ndipo umeme na haidroliki vilipokutana.

Tundu la juu ya giaboksi

Shina la lever ya gia hufunikwa na mpira unaozuia maji na vumbi. Wa trekta hili ulikuwa umepasuka pande mbili, na pale pembeni swichi imekaa. Trekta linalala nje. Kila mvua ilipita kwenye mpasuko ule, sehemu ikailoweka swichi, sehemu ikaingia ndani ya giaboksi.

Ili kuelewa ubaya wa hilo, kumbuka jinsi trekta hili lilivyojengwa. Linatumia mtindo wa pointi tatu, yaani plau kushikwa na mikono miwili ya chini na fito moja ya juu, ambao Harry Ferguson wa Ireland aliupatia hataza katika miaka ya 1920, na pampu yake iko ndani ya mwili wa trekta, imezama kwenye oili. Giaboksi, difrensha na haidroliki vinakunywa oili moja, zaidi ya lita 25. Maji yakiingia kwa lever ya gia yanafika kwenye pampu. Na kwa kuwa pampu haionekani kutoka nje, mafundi huihukumu kwa kubahatisha.

Tuliliacha trekta usiku kucha kwenye tambarare, plau chini. Asubuhi, kabla mtu hajaligusa, nililegeza kidogo plagi ya chini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hukaa chini na kutoka kwanza. Yalitoka maji ya rangi ya kahawia, mengi, kisha oili nyeupe nzito kama chai ya maziwa iliyoganda. Mwenye shaka achukue tone la oili aliweke juu ya bati la moto. Oili safi hutoa moshi kimya kimya. Yenye maji hutatarika.

Dereva alishangaa, kwa kuwa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ilikuwa ikimwonyesha kila asubuhi kwamba imejaa. Sili ya ekseli moja ya nyuma inavuja, oili inapungua, mvua inaongeza maji, kimo kinabaki palepale. Isitoshe, alikuwa akiipima trekta likiwa limeinama mteremkoni, na hapo dipstiki haisemi kweli kwa namna yoyote ile. Ipime kwenye tambarare, injini imezimwa, mikono imeshushwa. Kisha ukishaona kimo, itazame rangi, uinuse, uisugue kwa vidole.

Tulifungua plagi zote za chini, si moja, maana kila chumba kinabakiza chake. Tukaondoa kifuniko cha ubavuni tukalitoa chujio la waya linalolinda mdomo wa pampu. Lilikuwa limezibwa na uji mweupe uliochanganyika na nyuzi za pamba za matambara, kumbukumbu ya fundi fulani aliyewahi kufutia ndani. Pampu ilikuwa inajaribu kufyonza kupitia blanketi. Hapo peke yake pana sababu ya kutosha ya plau kupanda kwa kusuasua, pamoja na mngurumo ambao dereva alisema umeanza tangu msimu uliopita.

Tulisafisha, tukajaza oili mpya ya trekta, ile ambayo kopo lake limeandikwa UTTO. Najua wengi hutia oili ya gia namba 90 kwa kuwa inapatikana kila duka, wengine hutia oili iliyotolewa kwenye injini ya lori. Giaboksi itavumilia. Pampu inaumia, hasa asubuhi oili ikiwa nzito.

Hukumu ya pampu

Trekta hili limejiwekea kipimo chake. Ukiisukuma lever ya kuinulia hadi mwisho, sehemu ya kupampu bila kukoma, mikono inapanda juu kabisa na presha inaongezeka hadi vali ya usalama ifunguke kwa mlio mkali. Pampu iliyochakaa, oili ikiwa ya moto, haifiki huko. Kabla ya kumwaga oili ya zamani nilikuwa nimekijaribu: kimya. Baada ya oili mpya na chujio safi, tulilima kidogo hadi mwili wa trekta ukapata joto, nikaisukuma lever, na vali ikalia hadi jirani akageuka. Sekunde chache zinatosha. Ukiendelea unaichemsha oili bure. Pampu ilikuwa nzima.

Mama alianza kucheka. Nikamwambia, "Subiri kwanza, Mama, hatujamaliza."

Plau ilipanda vizuri, lakini ikiwa juu mikono ilikuwa inaitikia kama mtu anayekubali kila neno: inashuka kidogo, inapanda, inashuka, inapanda. Maana yake mafuta ya haidroliki yanavuja mahali fulani baada ya pampu, lever inahisi plau imeshuka, inaiamuru pampu kuongeza, na mchezo unarudiwa. Nikazima injini, sasa bila hofu, na plau ikashuka yote kabla hata hatujakunja mikono ya shati. Huu ndio ugonjwa uliokuwa umefungwa kwa mnyororo.

Mafuta yanaweza kutorokea sehemu kadhaa: kwenye pete za pistoni ya silinda ya kuinulia, kwenye gasketi ya silinda hiyo, kwenye vali ya pampu, au kwenye bomba fupi la wima linalopeleka mafuta kutoka pampu hadi juu. Tatu kati ya hizo zinadai kazi nzito, kuinua kifuniko chote cha haidroliki kwa mnyororo na tawi la mwembe, au kuishusha pampu. Ya bomba ni nyepesi. Ndiyo maana inafaa kujua kabla ya kufungua.

Tulipunguza oili hadi chini ya kifuniko cha ubavuni, tukawasha, tukainua plau, tukazima. Injini ilipokuwa imesimama kabisa nikaondoa kifuniko na kumulika kwa tochi. Ukiwa hapo mtu asisogee karibu na plau, na usiingize mkono; mzigo bado uko hewani na unashuka. Mdomo wa silinda ulikuwa unadondosha tone moja moja. Kwenye kitako cha bomba mafuta yalikuwa yanabubujika kama chemchemi. Hatukuwa na haja ya mwembe.

Bomba lilitoka kwa kufungua kifuniko kidogo cha juu, na oringi zake, pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimekauka hadi zikawa ngumu kama plastiki. Moja ilivunjika nilipoikunja. Tulizituma Kampala kama sampuli, kwa dereva wa taksi anayejulikana, zikanunuliwa mpya katika mtaa wa Ndeeba hukohuko. Hapo nilisisitiza mambo mawili kwa simu: ziwe za mpira unaostahimili oili, na zilinganishwe kwa unene, si kwa upana tu. Oringi ya pampu ya maji inaweza kukaa vizuri kabisa siku ya kwanza, kisha ikavimba.

Zilipofungwa, plau ilikaa juu. Injini ikizimwa inashuka polepole sana, kwa muda wa kutosha kupika posho (ugali) na kuila, kwa sababu ya yale matone ya silinda. Niliacha hivyo. Pete za pistoni zitafanyiwa kazi baada ya mavuno, si katikati ya kulima, na hata zikiwa mpya kanuni ni kuishusha plau chini kila unapoegesha.

Mama aliniuliza swali ambalo kila mwenye trekta huuliza: fundi wa kwanza alimdanganya? Sidhani. Alikuta trekta linalonguruma, plau isiyopanda, betri isiyo na chaji, na watu wanaomwomba asizime. Kwa alichoweza kuona, pampu ilikuwa dhana ya haki. Ninachomlaumu ni kutaja vifaa vitatu vya kununua bila kuwa na namba hata moja ya mita mkononi.

Waya wa ethi, balbu, swichi ya usalama, mpira wa lever, oringi na oili vilitugharimu, na oili ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya bei. Mpira wa lever wa ukubwa ule haukupatikana haraka, kwa hiyo tulikata tairi la ndani la pikipiki tukalifunga kwa waya juu na chini hadi ulipofika wenyewe. Sili ya ekseli bado inavuja. Nimemwambia dereva alegeze plagi ya chini kila Jumatatu asubuhi muda wote wa mvua, aangalie kinachotoka kwanza, na ajaze kilichopungua. Mama ameanza kutafuta mabati ya kibanda.